Kasha la Baba Mkwe

Hapana, kusoma sijui mpaka leo. Mle ofisini nilipelekwa na chai. Pale Tukuyu kuna chumba wanatunza makaratasi ya watu wa zamani, yamelala kwenye makasha. Mtu akimaliza kupanga kasha anaandika maelezo: haya ya nani, yametoka wapi, ndani mna nini. Ijumaa wanabadilishana. Wewe unasoma ya mwenzako, naye anasoma ya kwako, mnachambuana mpaka chai inapoa. Nikawa nawaambia, nyie mnachunguzana kama mawifi.

Walikuwa watatu. Bosi, mama wa kutoka Dar, anaongelea puani: "Tuko paaamoja?" Baba mmoja Mwislamu wa Kiwira, kwao wanauza vitenge, akiongea utadhani anakupimia kitambaa, polepole asikupunje. Na binti wa watu, kaolewa Kinyala, yuko kwenye majaribio. Kasha lake la kwanza hilo. Likikataliwa, anarudi kulima viazi.

Siku hiyo yule baba ndiye aliyesoma maelezo ya binti. Akayasifu. Barua za kahawa, picha za ubatizo, kila kitu kimekaa pake. Ila pa mwenye makaratasi pameandikwa tu mzee mmoja wa Kinyala.

Bosi akauliza mzee gani. Binti akajidai kupanga upya picha. Bosi akasema bila jina hayapiti, maana mtu akitoka mbali kutafuta makaratasi ya babu yake atayapataje? Hapo alisema kweli. Binti akainama, sauti ya kifaranga kilicholoa:

"Ni baba mkwe wangu, mama. Siwezi kumtaja."

Jamani. Sisi Wanyakyusa mkamwana hamtaji baba mkwe. Mimi wa kwangu nikimwona njiani kule Nkunga nilikuwa najitupa migombani na ndoo yangu ya maji kichwani, natoka nimelowa chapachapa. Wa siku hizi wameacha kukimbia, lakini jina bado linawakwama.

Bosi hakucheka, namsifu. Akambembeleza kwamba marehemu hasikii, na kuandika siyo kutamka. Binti akashika kalamu. Mkono ukagoma, machozi yakadondokea karatasi. Bosi akashusha pumzi, akaanza kulisogeza kasha kule kwa yaliyokataliwa.

Nikaacha kumimina chai. Yule baba akachomoa barua moja kashani, akalitazama jina, akaichukua kalamu.

"Mkwe ni wake, si wangu," akasema. "Lete niandike, tukale."