Vifungo vya Baba kwenye Treni ya Mkebe

Dawa ya kung'arisha shaba ina harufu kali inayopanda puani na kukaa. Nikiinusa popote, hata kwenye lifti ya ofisi, naliona koti la baba la kanisani, jeupe pe, lenye vifungo vinane vya shaba, nami nacheka peke yangu hadi watu wanasogea kando.

Tulikuwa tumehamia Kabiro, Kawangware, baada ya nyumba yetu ya Soweto East, Kibera, kubomolewa ili gorofa zijengwe. Nilikuwa na miaka kumi, na pale plotini, vyumba vya kupanga vinavyotazamana uani, nilipewa jina jipya upesi: Muongo. Kosa langu lilikuwa kusema kwamba kule Kibera treni ilipita karibu na mlango wetu hata vikombe vikacheza kabatini. Shiro, binti wa mwenye duka na hakimu wa watoto wote wa plot, alikata kesi.

"Wacha kutubeba ufala. Treni haiwezi pita kwa mlango ya mtu."

Mimi sipendi kushindwa, na hadi leo sijapona. Niliamua kuwaundia treni yenyewe waione. Mkebe wa mafuta ya kupikia ukawa mwili, vifuniko vya soda vikawa magurudumu. Hapo hata mtoto mchanga angefika. Kazi ilikuwa vile vitu vidogo, kwa sababu mimi niliijua ile treni kama ninavyowajua jamaa zangu. Nilizunguka hadi Riruta macho yakiwa chini. Kipande cha kitana kilichovunjika kikawa ngazi. Fundi wa redio alinipa waya, nikaukunja ukawa vyuma vya kushikilia ubavuni. Vifuniko viwili vya kalamu vikawa honi juu ya paa.

Taa ndizo zilizonikosesha raha. Nilijaribu vitufe vya rimoti mbovu, lakini treni ilionekana kama kipofu. Ndipo nikaliona koti la baba likining'inia ukutani. Nilikata vifungo viwili vya katikati, nikavibandika kwa gundi ya viatu, nikijiambia nitavirudisha kabla ya Jumapili. Gundi ile haikunielewa. Nilivuta mpaka kucha zikauma, na vifungo havikubanduka.

Baba alikuwa fundi wa mawe kutoka upande wa ziwani, na kanisani alikuwa mbeba bendera. Jumapili kanisa letu liliandamana barabarani kwa ngoma, yeye mbele kabisa. Alikuwa amevaa kwa haraka, hakugundua kitu. Kila alipoinua bendera, koti lilifunguka katikati, na ndani akachungulia mgombea mmoja wa uchaguzi, akitabasamu kwenye tishati ya kampeni. Ndiye mgombea ambaye kanisa zima lilimpinga, na baba kwa sauti kubwa kuliko wote. Tishati za bure anachukua kila mtu, lakini havai mbele ya mchungaji. Nyimbo zilipungua sauti mstari kwa mstari. Baba aliapa mbele ya wote kwamba ile tishati ni ya jirani, ameivaa kwa bahati mbaya.

Habari ilifika plotini kabla yetu. Alasiri niliiweka treni chini mbele ya watoto. Shiro aliizunguka mara mbili.

"Hiyo ni mkebe," alisema.

Baba alikuwa amesimama mlangoni na ile tishati yake. Niliona macho yake yakitua kwenye taa za treni, vile vifungo vyake viwili. Alikuja akachuchumaa, akagusa ngazi, akagusa honi.

"Huyu mtoto hasemi uongo," aliwaambia. "Treni ilikuwa inapita karibu hivi. Nikitema mate kwa mlango, treni inaibeba mpaka stesheni ya Kikuyu."

Shiro alimtazama kifuani.

"Na hiyo tishati pia ni ya jirani?"

Plot nzima ilicheka, hata mama kwenye karai lake la nguo. Baba hakuinuka. Aliendelea kuwaeleza jinsi vikombe vilivyocheza, nao wakaendelea kucheka. Mimi nililia kwa hasira. Siku zote hizo, na akachagua leo, siku ya uongo wake mwenyewe, kunitetea.

Kwa miaka mingi nilishikilia kwamba baba aliniharibia kesi. Sasa nina binti wangu, ambaye naye wenzake humcheka, ndipo nimeelewa. Baba alijua hakuna ambaye angemwamini siku ile, na kwa kuviona vile vifungo alijua ni mimi niliyemvua nguo barabarani. Alikuja hivyo hivyo, akachuchumaa kando yangu ili nisichekwe peke yangu.