Sauti ya Shangazi Karimi

Wiki jana nilikuwa nikingoja zamu yangu ya kurekodi sampuli ya sauti mjini Meru. Mwigizaji aliyenitangulia alitoka chumbani, akaketi kwenye ngazi, akanyamaza kabisa. Nikamkumbuka Shangazi Karimi.

Shangazi aliuza ndizi katika soko la Gakoromone na kuigiza kanisani. Alasiri moja, nikiwa bado mtoto, mtu wa redio alikuja na kinasa sauti, akitafuta waigizaji. Walijifungia kwenye stoo ya ndizi, wakaziba dirisha kwa blanketi ili kelele za soko zisiingie. Mimi nilikaa juu ya gunia, katika harufu nzito ya ndizi mbivu. Shangazi aliigiza mama aliyefiwa na mwanawe. Alilia mpaka na mimi nikalia.

Yule mtu akazima mashine.

"Sauti ni nzuri, mama. Lakini lafudhi ya Kimeru inasikika sana. Watu watacheka."

"Naweza kurudia?"

"Tutakuita."

Jioni nzima Shangazi hakusema neno. Siku hizi kimya kile nakijua vizuri. Wakati ule nilidhani sauti yake imebaki ndani ya mashine, kwa sababu nilikuwa nimeona kanda ikizunguka alipokuwa akilia. Nikachemsha maji, nikatia asali, nikampelekea.

"Kunywa, shangazi. Itarudi."

Alinitazama kwa muda, akanywa yote.

"Imerudi," akasema polepole.

Nikaenda kulala nikiamini nimemponya. Hawakumwita, na hata kanisani hakuigiza tena.