Kadi Ambayo Wifi Alikataa Inunuliwe

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni fundi kompyuta kwenye ghala la saruji. Jamani, yule mwanamke ana mdomo! Bosi alipotaka picha za kamera ziandikwe kwenye diski mbili kwa pamoja, moja ikifa nyingine ibaki, walivutana mpaka makuli wakaacha mizigo wakaja kutazama. Bosi aling'ang'ania kadi maalumu ya kuziongoza hizo diski, eti ina kasi. Wifi akamkatalia waziwazi.

"Kadi ikivunjika utatafuta nyingine ya aina ileile, la sivyo diski zako ni matofali tu. Programu inafanya kazi hiyohiyo, na diski utazichomeka kwenye mashine nyingine zikafunguka."

Bosi akamrushia kikombe, kikampasua nyusi. Wifi akajifuta damu kwa kiganja, akaendelea palepale alipoachia. Mwishowe kadi haikununuliwa.

Nyumbani alitusimulia kisa hicho hadi tukachoka. Mume wangu, mlinzi wa ghala lilelile, alikuwa akisinzia kabla hakijafika mwisho.

Sasa mchana mmoja, watu wametoka kula, kuli mmoja akauawa kwa nondo nyuma ya ghala. Kompyuta ya kamera nayo ikakutwa imepondwapondwa, ila diski mbili zilikuwa nzima ndani ya kisanduku cha chuma. Makuli wakamvamia mume wangu, kwa kuwa asubuhi alitukanana na marehemu. Walimpiga mateke ya kichwa, wakamng'oa meno. Mimi nilikuwa nimemletea chakula; nilijitupa juu yake, nikapigwa na mimi, mkono ukateguka.

"Wifi!" nilipiga kelele. "Fungua picha! Waonyeshe aliyeua!"

Mume wangu akatema damu. "Achaneni nazo. Kadi imevunjika, hakuna kitu."

Wifi akamkazia macho. Akanishika bega, akanong'ona, "Nyamaza, wifi yangu. Nakuomba."

Ninyamaze! Nilimtemea mate usoni. "Ndugu yako anauawa, na wewe unaniambia ninyamaze? Si ulisema zinafunguka kwenye mashine nyingine? Fungua, muuaji mkubwa we!"

Makuli nao wakapokea: fungua, fungua! Wifi akazichomoa diski, akazichomeka kwenye kompyuta ya bosi. Picha ikatokea. Mume wangu ameshika nondo, anapiga, anapiga, na mtu yule alishaacha kutikisika.

Makuli walinguruma. Wifi aliwahi nyundo mezani, akasimama mbele ya kaka yake. "Polisi watamchukua akiwa hai. Atakayesogea nampasua." Wawili walisogea, na kweli akawapasua. Akapigwa mpaka mbavu zikavunjika, lakini hakuondoka pale hadi polisi walipofika.

Siku hizi nikimpelekea wifi chakula, namlisha kwa mkono wangu mmoja mzima. Hajanilaumu hata mara moja, na hilo ndilo linaloniua. Yeye alijua kabla ya picha, tangu kaka yake alipotaja kadi ambayo haikununuliwa kamwe. Mimi ndiye niliyemlazimisha.