Mstari wa Saba wa Mama Tabea

Mama mkwe wangu, Tabea, hakuwahi kuiba kitu cha mtu. Cha Serikali ni habari nyingine, na ndiyo ninayoiandika hapa, maana wajukuu zake wanakula viazi vile hadi leo wakidhani vilishuka na mvua.

Ilikuwa mwaka 1952, nami nilikuwa mke mpya hapa Mjimwema. Ugonjwa wa viazi ulikuwa umetufikia tangu wakati wa vita. Leo unaona doa moja kwenye jani, kama limeunguzwa na kaa. Mvua nyembamba inanyesha siku nne bila jua, na siku ya tano shamba zima ni jeusi, linanuka kama panya aliyefia darini.

Mara ya kwanza, kabla sijaolewa, watu walilia. Tabea yeye alizunguka bustani yake ya bondeni kutafuta shina lililokataa kufa, akalipata moja. Akangoja lizae vile vitunda vya kijani vinavyofanana na nyanya ndogo, ambavyo sisi tulivitupa kwa kuwa haviliki. Akakamua mbegu, akazikausha kwenye jivu, akaziotesha. Kila mche ulikuja na tabia zake: huu viazi vyake kama maharage, ule vichungu, mwingine mzuri kwa sura lakini dhaifu. Kila msimu, mche uliobaki hai aliupanda tena, na uliokufa hakuuzungumzia.

"Sichagui mimi," alisema. "Ugonjwa ndio unaonichagulia, tena bure."

Nilipoolewa, baada ya miaka sita, alikuwa amebaki na aina moja: kiazi chekundu, macho yake yameingia ndani, ukikipika kinapasuka kama unga.

Ndipo amri ikaja kwamba mbegu zote za zamani zing'olewe, eti ndizo zinazotunza ugonjwa, na kila nyumba ipande viazi vyeupe vya Serikali. Aliyeileta alikuwa Kornelio, msaidizi wa Bwana Shamba, Mkatoliki wa Uwemba, aliyevaa kaptula iliyopigwa pasi hadi ingeweza kusimama peke yake.

"Mama Tabea, vile vyekundu ving'oke wiki hii."

"Vimekosa nini, mwanangu?"

"Havina karatasi."

"Hata mimi sina, na nimezaa watu wanane."

Lakini aling'oa siku ileile, Kornelio akitazama. Alitii haraka mno; ningalipaswa kushtuka hapo. Kornelio alipoondoka, viazi vyote vya mbegu alivificha chini ya kitanda.

Kisha wanawake tukaitwa kupanda shamba la mfano la Serikali, kando ya barabara ya Makambako, ili kila lori lipitalo lione. Kila mmoja alipewa mstari wenye kijiti cha namba na kikapu cha viazi vyeupe. Tabea alipewa wa saba, mimi wa nane. Nikaona tumbo lake limefura ndani ya kaniki.

"Mama, una nini tumboni?"

"Mimba."

"Mama."

"Panda, mkwe wangu. Wa kwako ni wa nane."

Jioni tulikula mbegu ya Serikali. "Ina maji," alisema, akaongeza chumvi. Nilipofahamu kwamba vyekundu vyote viko kwenye mstari ule, ambako hakuna angevitafuta, hata kimoja hakikubaki nyumbani, nilirudisha kiazi changu chunguni. Vikigunduliwa vitachomwa, na miaka sita imekwenda.

Februari ugonjwa ulirudi. Shamba la mfano likawa jeusi lote, isipokuwa mstari wa saba, uliosimama kijani katikati kama mtu aliyekosea msiba. Wanawake waliokwenda sokoni walipita wameziba midomo kwa khanga.

Kornelio akaja kwetu, kofia mkononi.

"Mama, nilifukua kidogo jana. Ni vyekundu."

"Aibu hiyo."

"Nami nimeshamwandikia Bwana Shamba Mkubwa wa Mbeya kwamba ni mbegu ya Serikali iliyoshinda ugonjwa. Anakuja Alhamisi. Nikisema ni vyako, utaitwa barazani ushitakiwe na vitachomwa. Nikinyamaza, atachimba."

Tabea aliendelea kumenya viazi. "Basi tuna shida mbili. Yangu ni viazi, yako ni barua. Sema ulinipa mstari ule makusudi, ujaribu chekundu changu kando ya cheupe chenu."

"Huo ni uongo."

"Ni mdogo kuliko ule ulioandika. Na nusu ya mavuno nirudishiwe, nikapande bondeni."

Kornelio alinitazama mimi, kana kwamba ningemsaidia. Mwisho akaitikia.

Alhamisi yule Mzungu wa Mbeya alikuja, pua nyekundu kwa baridi, akachimba shina moja. Viazi vikatoka, vikubwa, vyekundu, tena vingi. Kornelio alieleza habari ya majaribio kwa sauti iliyozidi kupungua.

"Na vyeupe vya mstari huu viko wapi?" Mzungu aliuliza.

Kornelio akaigeuza kofia mikononi.

"Tulivila, Bwana," Tabea akasema. "Vina maji."

Mzungu alimtazama, akatazama lile shamba jeusi, akaketi juu ya tuta. Akauliza kiazi kile kilipatikanaje. Alipoelezwa habari ya vitunda na jivu aliandika kurasa nne, kisha akasema atavichukua vyote kwenye kituo cha utafiti, vikazalishwe na aina nyingine.

Tabea aligeuka kwa Kornelio, akangoja.

Ilikuwa zamu ya Kornelio kuchagua, na mimi nilishika jembe langu kwa nguvu.

"Nusu, Bwana," alisema mwishowe. "Nusu nilimwahidi mama huyu. Na amri ya kung'oa, naomba isiguse shamba lake."

Mzungu akayaandika yote mawili, akatia sahihi.

Ijumaa Kornelio alibeba madebe ya nusu ile ya viazi mwenyewe, moja baada ya jingine, kichwani, hadi bondeni. Wanawake walimwamkia njia nzima kwa heshima iliyopita kiasi: "Kamwene, Bwana Shamba wa Mama Tabea." Jina hilo lilimganda. Alipohamishiwa upande wa Lugarawa alidhani ameliacha huku, lakini nasikia alipofika alikuta wanamngoja nalo.