Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Saa nne na robo asubuhi, wageni waliokuja kuposa binti yetu Minza wakisubiri maziwa mgando, mke wangu aliinamisha kibuyu. Maziwa yakatoka majimaji, kama yalivyokamuliwa juzi.

Ng'ombe alikuwa ameugua, nikamchoma sindano mwenyewe siku moja kabla ya kumkamua, kwa dawa ya kuua bakteria kutoka maduka haya mapya ya watu binafsi hapa Bariadi. Kabla ya hapo nilimhubiria mke wangu nilichosoma: bakteria wengine hubeba sumu pamoja na kinga yake; dawa ikizuia kinga mpya kutengenezwa, ya zamani huisha upesi na sumu huwaua. Maelezo ya chupa kuhusu kumwaga maziwa kwa siku kadhaa baada ya sindano niliyadharau.

“Baba Minza,” mke wangu akaniuliza mbele ya wageni, “na wanaogandisha maziwa ni nani?”

“Ni bakteria,” nikajibu.

Mshenga akaweka kikombe chini. “Ng'ombe wa mahari tutaleta, mzee. Ila sindano tuachie sisi.”