Jiwe la Deo Kutoka Rwenzori

Mama Deo wa Nyakakika alikataa kuanua matanga. Mwanawe alidumbukia kwenye ufa wa barafu akishuka kilele cha juu cha Rwenzori, na mwili haukupatikana. "Nizike nini?" aliuliza kila aliyekuja kumpa pole. Mimi na Deo tulichanjiana udugu wa damu tukiwa vijana, tukagawana punje mbili za tunda moja la kahawa, na kwetu ndugu wa namna hiyo hasimami pembeni kwenye mazishi. Nikaamua kwenda kuleta cha kuzika.

Sikuwa mtu wa kubahatisha. Nina diploma ya utalii niliyoisomea kwa kujilipia mwenyewe, nikiuza ndizi Nkwenda. Nimeongoza wageni Kilimanjaro miaka mingi, na niliporudi nyumbani nilijenga nyumba inayoonekana tangu barabarani. Sikuwahi kuanza kilele nikakiacha, na wilaya nzima inalijua hilo.

Asubuhi ya kuondoka, Mama Deo alinipa tunda kavu la kahawa. "Mpelekee. Uniletee jiwe la pale alipo, si la njiani."

"Utajuaje, mama?"

"Nitajua, mwanangu."

Kutoka Nkwenda nilipanda lori la ndizi hadi Murongo, nikavuka mpaka kuingia Uganda, nikapita Mbarara hadi Kasese. Hapo alinisubiri Baluku, mwongoza wageni aliyekuwa na Deo siku ile. Alivitazama viatu vyangu.

"Vya Kilimanjaro hivyo? Huku utaogelea, bwana."

"Nina diploma ya kazi hii."

"Yaambie matope."

Matope yalinifika magotini. Nilivuta mguu mmoja baada ya mwingine, wala sikuomba kupumzika.

Tulipofika kwenye barafu tulifungana kamba. Kilele kilikuwa wazi mbele yetu, lakini ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni.

"Ama kilele, ama kwa Deo," Baluku alisema. "Vyote viwili, ukungu utatukuta."

Nguvu za kufika juu nilikuwa nazo. Nilikipa kisogo kilele kile.

"Twende kwa Deo."

Kwenye ufa nililala kifudifudi, Baluku akishika kamba. Nilipasua tunda kwa meno, punje moja nikaitafuna, ya pili nikaidondosha ndani ya ufa. Kisha nikabandua jiwe jeusi kwenye mwamba wa ukingoni.

"Humwambii neno?" Baluku aliuliza.

"La nini? Nilikuwa nikifungua mdomo tu, ananikatiza."

Nilirudi Nyakakika mchana. Mama Deo alilipokea jiwe kwa mikono miwili, akalipakata.

"Kileleni ulifika?"

"Sikufika, mama."

"Wewe ukaacha kilele? Basi hili ni la kwake kweli," alisema, akaenda kunitolea jembe.

Safari ile ilinifundisha kwamba mlima hupimwa kwa kile ulichokifuata huko. Kaburi nililichimba mwenyewe, kwenye migomba nyuma ya nyumba yake, kina cha kumtosha mtu mzima.