Kidole Kwenye Mkataba wa Tanuri

Hermelinda Ccasani alizaliwa na shaka, sisi wa Oropesa, mji wa waokaji, tunamjua. Akikuuzia chuta, ule mkate wetu mpana kama sinia, atakutazama mdomoni mpaka umeze, asije akasikia umempelekea mwokaji mwingine auige. Mumewe alipofariki akamwachia tanuri la udongo, shaka ikazidi. Tanuri hilo ndilo lililomlisha, na ndilo linalomsomesha bintiye wa pekee, Nélida, anayekwenda chuo mjini Cusco asubuhi na kurudi jioni. Binti hakuruhusiwa hata kulikaribia.

"We soma," Hermelinda alimwambia. "Mikono ya kuungua humu ndani ni yangu, inatosha."

Sasa mwaka huu Abdón Huillca, mwokaji wa mtaa wa juu, mtu asiye na haya hata kidogo, akaja mlangoni na kopi ya mkataba. Eti Hermelinda amemuuzia tanuri! Sahihi ipo, na alama ya kidole ipo pembeni, kama inavyotakiwa kwetu.

"Toka hapa, mwizi wa mchana kweupe!"

"Tukana tu, jirani. Mwezi ukiisha nakuja kuchukua changu."

Hermelinda akaanza kutafuta msaliti. Akamfukuza Fidel, mkandaji wake wa unga wa miaka mingi. "Kikulacho ki nguoni mwako!" akampigia kelele mbele ya wateja. Masikini Fidel akavua aproni, akaondoka. Shemeji akanyimwa mkate. Hata padri aliangaliwa kwa jicho la pembeni, Mungu atusamehe.

Mwishowe akaenda Cusco kwa wakili Rosaura Tupayachi, Nélida akimsindikiza.

"Kwanza, mama, usimwite mwizi hadharani," wakili alisema. "Atakushtaki kwa kumchafulia jina. Pili, hii ni kopi. Tutaiomba mahakama imlazimishe alete mkataba wenyewe, mtaalamu aukague. Halafu una njia mbili. Kesi ya madai, mkataba ufutwe, na kesi ikiendelea Abdón azuiwe kugusa tanuri. Au jinai, ashtakiwe kwa kughushi. Unaweza kufungua zote."

"Zote! Aozee jela!"

Wakili akakishika kidole cha Hermelinda, akakibonyeza kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Likatoka doa jeusi tupu, bila mstari hata mmoja. Moto wa tanuri ulishakula alama zote. Kwenye kopi ya Abdón, mistari ilikuwa safi kabisa.

"Basi hapa Abdón anayo kazi," wakili akacheka. "Mwenye kidole hiki hajawahi kuoka. Na tukienda jinai, kitalinganishwa na vya vitambulisho vya nchi nzima. Atajulikana kwa jina."

"Kwani lazima tufike huko?" Nélida akadakia. "Si madai yanatosha, mama?"

Hermelinda akageuka. Mkono wa kulia wa bintiye ulikuwa umejificha chini ya shali. Oropesa nzima, nani mwingine mwenye vidole visivyoungua?

"Nélida."

"Abdón alisema nikitia kidole atakuweka dukani tu, uuze umekaa," binti akanong'ona, machozi yakimtoka. "Nilitaka upumzike, mama."

Wakili akajifanya anatafuta kalamu. Hermelinda akautoa mkono wa bintiye chini ya shali, akavitazama vile vidole laini.

"Ya madai tu, wakili."

"Abdón atabaki huru, mama. Anaweza kurudia."

"Nimesikia. Andika ya madai."

Mtaalamu akathibitisha kwamba kidole si cha Hermelinda, na mahakama ikaufuta mkataba. Abdón anatembea kifua mbele, na watu wanamcheka mama wa watu: "Kelele zote zile za jela, zimeishia wapi?" Yeye anawafungia mikate yao. Fidel naye, Hermelinda alimwomba radhi mbele ya wateja walewale, naye akarudi kazini.

Ila mlango wa tanuri sasa una kufuli, na Hermelinda analala na ufunguo shingoni. Na katika nyumba ile wanalala watu wawili tu, yeye na bintiye.